Sama skuli haianzi Juni: niliyojifunza kuhusu bodi za shule hapa Kentucky

Mwaka wetu wa kwanza hapa Kentucky nilimsimamisha mwanangu kwenye kona saa moja asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya Juni, begi mgongoni, chupa ya maji mkononi, tunasubiri basi la sama skuli, yale masomo ya likizo ya kiangazi. Saa moja na nusu hola. Saa mbili hola. Mzee mmoja jirani anayetembeza mbwa akapita akatusalimia, wakati wa kurudi akatukuta palepale, akasimama, akasema maneno mengi, mimi nikaokota neno moja tu la skuli na mkono wake anaoupungisha hewani kwamba hakuna. Kumbe barua ya shule iliyokuja Machi ilikuwa na karatasi ya manjano ndani ya kusaini mara mbili, mtoto kusoma na mtoto kupanda basi. Mimi nilisaini moja, na hata hiyo sikuirudisha shuleni, niliibandika kwenye friji kama cheti cha ubatizo. Jina la mtoto halikuwepo kokote.

Siku hizi nafanya ukalimani mashuleni na kila Juni napigiwa simu na mama zetu, dada nisaidie mtoto hana pa kwenda, sama skuli wanaandikisha wapi. Naumia kuwajibu. Mama, sama skuli ilishapangwa theluji ikiwa nje, walimu walishaajiriwa, mabasi yalishahesabiwa, na waliopanga walikaa kikao ambacho mlango ulikuwa wazi na viti vilikuwa vitupu. Nyie mliokuja mwaka huu nawaandikia sasa hivi ili mwakani tusipigiane simu za hivyo.

Kwanza toeni kichwani habari ya wizara. Sisi tuliotoka Congo tumezoea prefe, mkuu wa shule, ndo mwenye shule, na waliokaa kambi ya Nyarugusu au Tanzania kwa ujumla wanajua kuna afisa elimu, juu yake kuna mtu, juu yake tena kuna mtu, mpaka Dodoma. Huku Washington kuna wizara ya elimu ndiyo, lakini haiajiri mwalimu, haipangi ratiba, na hela yake kwenye shule ni kama sehemu moja ya kumi, mara nyingine hata chini ya hapo. Mwenye shule ni distrikti, yaani mamlaka ya shule za eneo lenu. Kentucky ina distrikti 171 na kaunti ziko 120, kila kaunti ina yake, zilizobaki ni za miji iliyogoma kumezwa na kaunti. Juu ya distrikti kuna bodi, watu watano, Louisville wao ni saba, wanapigiwa kura Novemba na wanakaa miaka minne. Sio maprofesa, ni watu wa kawaida wana kazi zao, unamkuta yule mama wa bodi Walmart anachagua nyanya kama wewe.

Bodi inamwajiri superintendenti, bosi wa shule zote za distrikti, na superintendenti ndo anaajiri wengine wote. Hapa niseme kitu maana watu wetu wanakosea sana: usimfuate mjumbe wa bodi akuombee kazi ya usafi au ya jikoni shuleni. Sheria ya Kentucky inamkataza kushawishi ajira, anaweza kupoteza kiti. Nilimtafsiria baba mmoja ombi la namna hiyo, nikaona mjumbe anarudi nyuma hatua mbili kama amemwagiwa maji ya moto, na baba wa watu akaondoka akidhani amedharauliwa.

Kwa hiyo ukiwa na shida ujue ni ya nani. Mtoto kaonewa darasani, mwalimu halafu mwalimu mkuu. Mtoto hapewi masomo ya Kiingereza, hiyo ni distrikti, na sio hisani, ilishaamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Marekani 1974 kwenye kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco. Karatasi za uhamiaji hawatakiwi kuzifanya sharti la kumpokea mtoto shule, hiyo nayo ilipita 1982. Lakini sama skuli iwe na nafasi ngapi, kwenye shule zipi, na basi lipite wapi, hapo hata ukimlilia mwalimu unamwonea bure, hilo ni jambo la bajeti na bajeti ni bodi.

Mwaka wa hela wa shule huku unaanza Julai mosi unaisha Juni 30. Mazungumzo ya bajeti yanaanza Januari, hapohapo kwenye baridi, kufika Mei watu wanapiga kura ya bajeti ya muda na mambo yameshakuwa magumu kubadilika. Ukitaka sama skuli iwe na kitu, Januari, Februari, Machi ndo miezi yako. Ajenda inawekwa kwenye tovuti ya distrikti kabla ya kikao, isome hata kwa kutafsiri na simu, na uangalie sana ile orodha ya mambo yanayopitishwa kwa mkupuo bila mjadala, maana mara nyingi mkataba wa walimu wa sama na wa mabasi umelala humohumo katikati ya ununuzi wa karatasi za chooni. Nilikaa vikao vitatu nasubiri waitaje sama skuli kwa sauti, kumbe ilishapita dakika ya nne ya kikao cha kwanza nikiwa bado natafuta parkingi.

Halafu saa. Wakiandika 6:00 jioni ni saa kumi na mbili jioni. Mnacheka, lakini kuna mzee alifika saa sita mchana na suti yake akakuta mlango umefungwa, akarudi kwake na hakuja tena.

Kuongea kwenye bodi hakuhitaji uraia. Kupiga kura ndo kunahitaji uraia, na tafadhali kama una grinikadi usijiandikishe kura hata mtu akikuletea fomu na kalamu nje ya duka, hilo linaweza kukuharibia kesi yako yote. Ila kusimama kwenye maikrofoni ni haki ya mzazi yeyote. Tangu 2022 sheria ya Kentucky inataka bodi itenge angalau dakika 15 za wananchi kwenye kikao cha kawaida, ukijiandikisha mapema. Kwetu kila mtu ana dakika tatu, kuna saa nyekundu mbele yako inahesabu kurudi nyuma. Siku yangu ya kwanza nilianza kama tunavyoanza sisi, nikamshukuru Mungu, nikamsalimia mwenyekiti, nikawasalimia wajumbe, nikaeleza nimetoka wapi, kuangalia saa imebaki sekunde 40 na sijasema neno basi. Nikasema basi, basi, basi, nikakaa. Sasa hivi nawaambia akina mama, salamu sentensi moja, halafu shida, halafu unataka nini, halafu idadi ya watoto mtaani kwenu. Sio "watoto wetu wanateseka". Sema "watoto 14 kwenye apatimenti zetu walipata nafasi, 9 hawakwenda kwa sababu kituo cha basi kiko ng'ambo ya barabara ya njia sita". Nimeona wajumbe wanaandika ukisema hivyo, ukisema kuteseka wanatikisa kichwa kwa huruma tu.

Na mkalimani omba mapema kwa imeili, ni bure, na uulize waziwazi kama muda wa kutafsiri unahesabiwa kwenye dakika zako, kwa sababu usipouliza dakika tatu zinakuwa moja na nusu. Mtoto wako asiwe mkalimani wako. Mimi wangu alinitafsiria mkutano wa wazazi mwaka wa kwanza, mwalimu ameongea kama dakika tano kwa uso umekunjamana, mtoto akanigeukia akasema, amesema naendelea vizuri.

Watu wananiuliza mbona ile miaka ya baada ya korona sama skuli ilikuwa tamu, basi mpaka mlangoni, chakula, safari za makumbusho, sasa hivi nafasi zinagombewa. Jibu ni hela. Machi 2021 serikali kuu ilitoa hela nyingi za dharura na sheria ikasema distrikti itumie angalau asilimia 20 ya fungu lake kufidia masomo yaliyopotea, sama skuli ikiwemo. Hela hiyo mwisho wake ulikuwa Septemba 2024. Distrikti zilizojenga programu nzima juu yake zikabaki zinaangaliana. Halafu Julai 2025 Washington ikazuia zaidi ya dola bilioni 6 zilizokuwa zimeshapitishwa, humo ndani kuna za watoto wanaojifunza Kiingereza na za programu za baada ya masomo na za sama, zikaachiwa mwisho wa mwezi. Mtu anayepanga bajeti ya sama baada ya mshtuko kama huo anapanga kidogo, hata mimi ningepanga kidogo. Ndo maana nawaambia musidanganyike na "mwaka jana ilikuwepo".

Hela nyingine ni kodi ya nyumba na ardhi. Hata wewe unayepanga unailipa, iko ndani ya pango la nyumba unalolipa kila mwezi. Bodi ikitaka kuipandisha mpaka mapato yapite asilimia 4 ya nyongeza, wapiga kura wanaweza kukusanya saini na kuipinga ile ya ziada, kwa hiyo bodi nyingi zinasimama palepale kwenye 4 kama mtu aliyesimama ukingoni mwa maji.

Mabasi nisiyaseme sana maana nitaandika mpaka kesho. Mnaokwenda Louisville ulizeni habari ya Agosti 2023, siku ya kwanza ya shule, ramani mpya za mabasi zimechorwa na kompyuta, watoto wa mwisho walishuka zimebaki dakika mbili kufika saa nne usiku, shule zikafungwa siku kadhaa. Wakati wa sama madereva ni wachache zaidi na vituo vinapungua, basi halifuati mlango wako. Fomu ya basi iko peke yake. Isaini. Irudishe kwa mkono, upige picha kabla hujaitoa.

Kuna vitu vitatu watu wanavichanganya vyote wanaviita sama skuli. Kimoja ni ya wadogo, kusoma na hesabu na Kiingereza, hiyo ndo yenye nafasi chache. Kingine ni ya sekondari, ya kurudia masomo uliyofeli upate krediti zake, na hii ukiwa na kijana aliyekuja na miaka 17 ishikilie kwa mikono miwili, maana diploma Kentucky inataka krediti 22 na kijana anaanza na sifuri au mbili. Nenda kwa konsela, mshauri wa wanafunzi, mwezi wa pili, mwambie nionyeshe krediti za mtoto wangu kwenye karatasi. Na akikwambia kijana ni mkubwa mno, mwambie kwa heshima kwamba jimbo hili linampa mtu shule mpaka atimize miaka 21 kama hajamaliza.

Cha tatu ni cha mtoto mwenye ulemavu mwenye ule mpango wake maalum. Huyu masomo yake ya kiangazi sio bahati nasibu na sio zawadi, yanaamuliwa kwenye kikao cha ile kamati yake, huku Kentucky wanaiita ARC, na wewe mzazi ni mjumbe wa kamati. Swali ni je, mtoto akikaa miezi miwili bila huduma atapoteza alichopata kiasi cha kushindwa kukirudisha? Ikiwa ndiyo anapewa, bure, hata kama distrikti haina hela ya sama skuli kabisa. Mama mmoja ninayemsaidia aliandika kwenye daftari kila Jumapili maneno mapya ya mwanae, na baada ya likizo ya Krismasi akaandika yaliyopotea, maneno sita. Aliweka lile daftari mezani kwenye ARC na kikao hakikuzidi nusu saa.

Chakula je? Mtoto yeyote wa miaka 18 kurudi chini anakula bure kwenye vituo vya chakula cha kiangazi vilivyo wazi kwa wote, hata kama hasomi hapo, hawaulizi kitambulisho. Na tangu 2024 kuna dola 120 kwa kila mtoto anayestahili kwa ajili ya kiangazi, Kentucky imo. Ukiwa na SNAP, ule msaada wa serikali wa kununua chakula, kwa kawaida inakuja yenyewe, ukiwa huna ulize shuleni kama unatakiwa ujaze fomu. Msitupe kadi ikija kwenye posta mkidhani ni matangazo, naona mnacheka tena lakini mimi niliitupa.

Sasa kile ambacho nakipenda kuliko vyote na hakuna anayekijua. Tangu mageuzi ya 1990 shule nyingi za Kentucky zina kaunsili yake, mwalimu mkuu, walimu watatu na wazazi wawili. Wazazi wawili wanachaguliwa na wazazi, kila mwaka, na hapo hakuna cha uraia. Shule ikiwa na asilimia 8 au zaidi ya watoto wa jamii za wachache, lazima awepo mtu wa jamii hizo humo ndani. Nguvu zimepunguzwa, tangu 2022 superintendenti ndo anachagua mwalimu mkuu na vitabu baada ya kushauriana nao tu, ila bado wanagusa ratiba na hela ya shule. Nimeshuhudia uchaguzi ambao aliyeshinda alipata kura 11. Kura 11! Kwaya yetu ya Jumapili ina watu 30.

Uchaguzi wa kaunsili kwenye shule nyingi ni masika, Aprili au Mei, tangazo linakuja kwenye begi la mtoto likiwa limekunjwa pamoja na maganda ya ndizi. Kila Ijumaa geuzeni begi juu chini mezani. Ukikuta karatasi huielewi piga picha unitumie, mchana niko kazini sipokei simu, nitajibu usiku watoto wakilala.