Simu Inapigwa Pia: maswali ya wasomaji kuhusu mtandao

Meseji za mwezi huu ni nyingi, na kama kawaida nusu yake ni "Mambo" bila swali. Sijibu mambo. Wengine mmenitumia sauti za dakika saba ambazo dakika nne za mwanzo mtu anakohoa na kumfukuza kuku. Nimechagua chache zilizoandikwa na watu waliojua wanachouliza, na mbili tatu za wasiojua, ili wajifunze.

Shikamoo. Nimepokea meseji inasema "Ile hela itume kwenye namba hii". Nifanye nini? (Kijana, Mbagala)

Marahaba. Kuna hela uliyokuwa umtumie mtu? Hakuna. Basi ipeleke meseji hiyo 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha ifute. Swali hili nimelijibu tangu laini zinauzwa barabarani bila kitambulisho, na leo ndiyo mara ya mwisho.

Dada yangu aliniandikia WhatsApp kwamba amenitumia tarakimu sita kwa bahati mbaya, nimrudishie. Nikamrudishia. Sasa WhatsApp yangu haifunguki, na watu wananiambia nawakopa laki mbili mbili. (Mfanyabiashara, Mwanza)

Aliyekuandikia si dada yako. Dada yako aliibiwa kabla yako, kwa njia hiyohiyo, na wewe umekuwa daraja la kuwafikia wanaofuata. Kazi yenyewe ni nyepesi mno: mwizi anaweka WhatsApp kwenye simu yake, anaandika namba yako, na WhatsApp inatuma tarakimu sita kwenye laini yako ili ijue kama kweli ni wewe. Kitu pekee alichokosa mwizi ni zile tarakimu. Ukampelekea mwenyewe, tena pengine na "karibu dada" juu yake. Na meseji iliyokuja nazo ilikuonya usimpe mtu.

Ondoa WhatsApp kwenye simu yako, ipakue upya, weka namba yako, subiri tarakimu mpya, ziingize. Hapo hapo mwizi anatoka. Kama ameshaweka PIN yake utaambiwa usubiri siku 7. Subiri, maana hata yeye hayumo tena. Ukirudi ndani, nenda kwenye Mipangilio, halafu Akaunti, uweke uthibitishaji wa hatua mbili, wenye PIN ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa.

Hayo ni ya ufundi. Sasa yangu. Kwa nini hukumpigia dada yako? "Dada, umenitumia nini?" Sekunde kumi, na angekujibu "Mimi? WhatsApp yangu tangu jana haifunguki." Mchezo ungeishia hapo. Matapeli wote wa siku hizi wanaishi kwa sababu moja tu: watu wazima wenye simu za laki nane mkononi wanaona uvivu kuzipiga. Na hao unaowakopa sasa hivi bila kujijua, usiwaandikie kuwasihi. Wapigie, mmoja mmoja, waisikie sauti yako. Mtu anayekopa kwa maandishi lakini simu hapokei, jibu lake ni moja: njoo uchukue mkononi.

Nimelefti grupu la ukoo. Kila siku ni michango na picha za maua za "asubuhi njema". Mama amenuna. Nirudi? (Binti, Arusha)

Rudi, halafu nyamazisha. Unaponyamazisha hakuna anayejua. Ukilefti wanajua wote. Najua utaniambia kwamba tangu 2022 anayelefti anaonekana na maadmini peke yao. Admini wa grupu lenu ni nani? Ni shangazi. Haya.

Lakini sitakulaumu peke yako, maana najua kilichokukimbiza, na si maua. Ni ile orodha. Mweka hazina anabandika majina 70, kila jina na ahadi yake, na mbele ya jina lako kuna sifuri. Kesho anaibandika tena. Jumapili anaibandika na maneno "tukumbushane wapendwa". Zamani mchango wa harusi ulikuja na kadi, kadi ikaja na mtu, mtu akakaa akanywa chai. Ukimwambia mlangoni "mwezi huu nimekwama, mama", anaelewa na linaishia pale mlangoni. Leo kukwama kwako kunasomwa na binamu wa Mbeya ambaye hujamwona tangu ubatizo, tena anakisoma akiwa kazini anakula andazi.

Mweka hazina wa ukoo wowote unayesoma hapa: andika waliotoa na jumla yake. Asiyetoa mpigie faraghani. Wewe binti, kabla orodha nyingine haijatoka, mpigie huyo mweka hazina umwambie una kiasi gani na lini. Ukishasema kwa mdomo, sifuri haikuumi tena.

Niko Muscat. Baba mdogo alifariki Tanga, nikaandika pole kwenye grupu siku ileile. Sasa ndugu wanasema sikutoa pole. Walitaka niandike gazeti? (Msomaji, Oman)

Walitaka sauti yako. Pole yako ilikuwa ya 61, katikati ya pole 60 zinazofanana nayo, na vikaragosi vinavyolia machozi mawili mawili. Mama mdogo simu yake ilikuwa imeshikwa na mjukuu. Nani alikuwa anasoma?

Nikueleze kwa nini jambo hili linanikera kuliko hata wizi. Mjomba wangu alipofariki, mimi nilijua nikiwa kwenye daladala, tumekwama Ubungo. Nilifungua stetasi kupitisha muda. Ya kwanza mtu anauza mitumba, ya pili ni kipande cha mahubiri, ya tatu ni picha ya mjomba ndani ya fremu ya waridi nyeupe, mshumaa pembeni, na "Pumzika kwa amani mzee wetu". Aliyeweka ni jirani aliyekuwa hospitalini kumwangalia mgonjwa wake mwingine. Nikampigia binamu, mtoto mkubwa wa marehemu, nikiwa na shida hata ya kumeza mate. Alikuwa kazini. Alikuwa ameshapokea "pole sana" mbili tangu asubuhi, na wote wawili amewajibu: "Ahsante, pole ya nini?" Hakuna aliyemjibu. Walipogundua hajui, walinyamaza.

Msiba ulikuwa na njia yake ya kumfikia mtu. Mzee mmoja anatumwa. Anapiga hodi, anakaa, anaomba maji, anauliza habari za watoto. Anasema "baba hali yake si nzuri, jiandae tuondoke". Wewe umeshaelewa, ila umepewa nafasi ya kuelewa ukiwa umekaa, na kuna mtu wa kukushika mkono. Ilikuwa na uongo kidogo ndani yake, nakubali. Ulikuwa uongo wa huruma.

Nawaomba mnaowahi kuweka picha za marehemu: unamtangulia nani? Subirini familia itangaze yenyewe. Kama hamjui imetangaza au bado, pigeni simu nyumbani kwao muulize "tusaidie nini?" Mtaelewa kwa jibu.

Ndugu yangu wa Muscat, Tanga na Muscat vinatofautiana saa moja tu, kwa hiyo usiniambie kule kulikuwa usiku. Mpigie mama mdogo leo. Atalia, mwache alie, usikate. Muulize arobaini ni lini na wamepungukiwa nini. Rambirambi itume, lakini baada ya kuongea, isiwe badala yake.

Mwanangu wa kidato cha tatu anafanyiwa kazi zote za shule na akili mnemba, na mwalimu anampa tiki. Nilalamike shuleni? (Mzazi, Morogoro)

Anza nyumbani. Rafiki yangu mwalimu aliniletea insha 11 za athari za ukataji miti. Saba zilianza na sentensi moja, neno kwa neno, kuhusu ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi. Mtoto wa Kilosa ambaye ameona mto ukija na matope hadi mlangoni anaandika kama msemaji wa shirika la kimataifa. Mti hata mmoja haukutajwa kwa jina.

Mashine hizi zina tabia ya yule mjomba anayejua kila kitu kwenye kahawa. Mimi niliitajia moja methali niliyoitunga mwenyewe jikoni dakika ile, nikaiuliza maana yake. Ikanieleza maana, matumizi, na kwamba asili yake ni Pemba. Haikusita.

Basi jioni mwambie mwanao aweke simu chini akusimulie insha yake huku anamenya viazi. Akiweza, imeingia, hata kama alisaidiwa. Akishindwa, hakuandika kitu, na kwenye chumba cha mtihani wa NECTA simu haiingii. Ukitaka simu imfae, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake mtandaoni, bure. Vile vitabu mnavyosema havipatikani. Mwalimu naye mwambie aulize maswali kwa mdomo. Ila ana wanafunzi wangapi darasani? Ndiyo maana nimesema anza nyumbani.

Nilikopa elfu 50 kwenye apu ya mikopo. Nimechelewa siku tatu, wamemwandikia bosi wangu na mchungaji wangu kwamba mimi ni tapeli. Namba zao wamezipata wapi? (Msomaji, Dodoma)

Kwako, ulipobonyeza "Ruhusu". Apu ya kukopesha hela haina shida yoyote na majina ya watu kwenye simu yako, isipokuwa hiyo shida unayoiona sasa. Benki Kuu ilitoa Novemba 2024 orodha ya apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali. Itafute uone kama hao jamaa wamo. Kusambaza taarifa zako namna hiyo kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ipo Tume ya kupokea malalamiko, kwa hiyo piga picha za skrini za meseji zote kabla hazijafutwa. Deni lipe ulilokopa, bila kukopa apu ya pili ili kulipa ya kwanza. Wengi wanaponiandikia wameshafika ya nne.

Najua kwa nini ulikwenda kwenye apu. Kumpigia kaka yako na kumwambia "naomba elfu 50" kunatia aibu. Ungeona aibu mbele ya mtu mmoja. Sasa umeiona mbele ya kila aliyemo kwenye simu yako, pamoja na fundi bomba.

Mama yangu ameacha vidonge vya presha kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp kuhusu kitunguu saumu na ndimu. (Msomaji, Moshi)

Mpeleke kwa daktari leo, akaambiwe namna ya kurudi kwenye dozi. Leo, si wikiendi. Kitunguu saumu aendelee kukitia kwenye mchuzi. Ule ujumbe ukiutazama vizuri una mishale miwili juu yake, maana yake umepita mikono mingi. Tangu 2020 WhatsApp inauruhusu kwenda kwa mtu mmoja au grupu moja kwa mara moja, na bado umemfikia. Mama anapokea meseji za namna hiyo 30 kwa siku na anazisoma zote mpaka mwisho. Simu yako ameipokea lini mara ya mwisho?

Hivi intaneti inatoka kwenye setilaiti, si ndiyo? (Mwanafunzi, Mombasa)

Yetu kwa sehemu kubwa inatoka baharini. Ni nyaya zilizolala chini ya Bahari ya Hindi, na huko kwenu Mombasa ndiko zinakopanda nchi kavu, kama zinavyopanda Dar es Salaam. Seacom ilifika 2009, EASSy ikafuata 2010. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 hizo mbili zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikabaki inavizia mtandao kama watu wanaovizia maji ya bomba. Simu za kawaida ziliendelea kuita. Siku ile nilipigiwa na watu watatu ambao kwa miaka miwili tulikuwa tunatumiana vidole gumba tu. Mmoja alikuwa amepata mtoto, na mtoto ameshaanza kutembea.

Bando langu la wiki linaisha siku ya pili. Mtandao wananiibia? (Wengi mno)

Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa video wenyewe kwa wenyewe. Kisha zima video zinazojicheza kwenye kila mtandao wa kijamii ulionao. Halafu ndiyo uje tuzungumzie wizi. Na lile grupu la vichekesho lenye video 90 kwa siku uliingia mwenyewe, kampuni ya simu haikukusukuma.