Maswali ya hesabu wiki hii: visoda, sufuria na chapati

*Ticha, nina darasa la tano watoto 94, hii hesabu ya kuchunguza, watoto wajitafutie jibu wenyewe, nitaifanyaje wakati hata pa kupita hakuna?*

Pole mwalimu mwenzangu, mi nimeshawahi kuwa na 110. Usihangaike kuzunguka, dawati la mbele ligeuzwe litazamane na la nyuma, kundi tayari, na kila kundi lije na visoda 16. Waanze na kimoja, waongeze 3 wapate mraba, halafu 5, halafu 7, kila mara mraba unakua. Sasa uliza: tukiendelea na witiri hivihivi mpaka 19, jumla ngapi? Visoda havitoshi hapo! Uliza halafu nyamaza, na kunyamaza ndo kazi yenyewe, mi mwanzoni hata dakika 2 zilinishinda, mdomo unawasha. Wengi watajumlisha moja moja, sawa tu, ila yupo mmoja kule nyuma atasema mia, maana namba ziko 10 kwa hiyo mraba ni 10 kwa 10. Usimpigie makofi ukafunga mjadala, mwambie awaoneshe wenzake.

*Silabasi itaisha kweli?*

Kila kipindi haiwezekani, tusidanganyane, na jedwali la kuzidisha bado wakariri. Mi nachagua mada. Zamani π nilikuwa naandika tu 22/7 ubaoni, wakaja kuitumia mpaka kwenye eneo la mstatili jamani. Siku hizi naleta sufuria na kamba, wanapima mzingo wanagawa kwa kipenyo. Sufuria ya kipenyo sm 28 ilitoa mzingo sm 88, wakapata 3.14, ila kundi moja likang'ang'ania 3.6, kumbe kamba waliipitisha juu ya mikono ya sufuria 😂 Kipindi kizima kiliisha hapo lakini mada ile sikuirudia tena.

*Mwanafunzi anasema 1/2 + 1/3 = 2/5, nimwache tu eti anachunguza?*

Usimwache, ila usikimbilie kuweka kosa. Muulize: ulikuwa na nusu chapati, nikakuongezea theluthi, sasa una 2/5, hiyo si ndogo kuliko nusu yako ya mwanzo? Nimekuongezea au nimekumegea? Atacheka mwenyewe. Hapo chora chapati ya vipande 6, nusu ni 3, theluthi ni 2, ataona 5/6 kabla hujataja kigawe kidogo cha shirika.

*Mi mzazi, daftari la mwanangu halina hata tiki moja, naambiwa wanachezea visoda.*

Mama, usianzie kwa mwalimu mkuu. Muulize mtoto leo mlikuwa mnatafuta nini, akikupangia visoda mezani akakuonesha kwa nini 1, 3, 5 zinatoa mraba, basi hiyo ndo tiki yako. Akisema "tulicheza tu", hapo sawa, nenda kamwone mwalimu, labda alisahau kuuliza swali.