Bawa kukatika angani: anza na mhimili

Kaka, pole sana. Unasema bawa la mita 2.4 la ndege yako ya mfano ya rimoti limekatika karibu na bodi ulipoinyanyua ndege ghafla baada ya kuishusha kwa kasi pale Raskazone, Tanga, na rafiki yako analaumu injini. Injini muiache. Bawa hubeba mzigo mkubwa zaidi pale shinani, linapoungana na bodi, na kasi ikiongezeka mara mbili, ukivuta ghafla mzigo unaweza kufika mara nne.

Viangalie vile vipande. Angani mhimili wa juu (mihimili ni zile fito ndefu za ndani zinazobeba bawa) hubanwa, wa chini huvutwa. Kama wa juu ndio ulikunjika kwanza, nashuku vile vibamba vya balsa (mbao nyepesi) vya kati ya mihimili. Ama hukuviweka, ama nyuzi zake umezilaza kufuata urefu wa bawa. Zinatakiwa kusimama wima, juu hadi chini. Wengi huzilaza kwa sababu ukataji unakuwa mwepesi, na ramani nyingine nazo hazisemi wazi. Tazama gundi pia: ikibanduka bila kung'oa hata unyuzi wa mbao, haikushika. Shinani tumia epoksi ya kukauka taratibu.

Ila ukikuta bawaba za vibawa vinavyogeuka ukingoni nyuma ya bawa zimeng'oka na meno ya sevo (kimota kinachovigeuza) yamesagika, huo ni mtetemo, ugonjwa mwingine kabisa. Kaza viungo vyote.

Bawa jipya lijaribu chini. Ilaze ndege chali, egemeza bodi, panga vifuko vya mchanga bawa zima, vingi zaidi upande wa shinani, hadi mara nne au tano ya uzito wa ndege. Likilia, simama hapo hapo, ulifungue.