"Imeamuliwa" na nani?

Naanza na aibu yangu mwenyewe, maana mtu kuwasema viongozi wengine huku anaficha ya kwake na huo ni ukwepaji.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa meneja wa oparesheni kwenye kampuni moja ya kusafirisha mizigo. Fundi wetu akaleta ripoti kwamba breki za foklifti mbili za ghalani zimechoka, zisimame wiki moja zifanyiwe sevisi. Sasa ilikuwa mwisho wa robo mwaka, oda zimejaa mpaka mlangoni, kila mtu anaangalia namba tu. Tukakaa kikao, mimi ndo mwenyekiti, hiyo ajenda hata dakika kumi haikufika, na kwenye muhtasari ikaandikwa "imeamuliwa matengenezo yasogezwe mpaka mwezi ujao". Siku ya tisa foklifti moja ikagoma kusimama ikamkanyaga mguu kijana wa kupakia mizigo.

Nilienda kumwona hospitali. Akaniuliza, "Bosi, hivi nani alisema ile mashine iendelee kufanya kazi?" Na mimi bila hata kufikiri nikamjibu ulikuwa uamuzi wa menejimenti. Hakusema kitu, akageukia ukutani.

Nilirudi ofisini nikausoma ule muhtasari tena na tena. Imeamuliwa. Imeonekana ni vyema. Imependekezwa. Yaani ukurasa mzima kuna vitendo tu, watendaji hakuna. Lugha yetu ina hiyo kauli ya kutendwa tamu sana, unaweza kumfukuza mtu kazi, ukapunguza mishahara, ukaacha breki mbovu zizunguke ghalani, na kwenye sentensi haumo. Ukitaka kumpima kiongozi sikiliza vitenzi vyake. Faida ikipanda utasikia "nilisimamia", mambo yakiharibika "ilitokea".

Na haya sio ya kampuni ndogo tu. Benki ya Wells Fargo kule Marekani ilikuwa inawabana wafanyakazi wa matawini wauze bidhaa nyingi kwa kila mteja, tageti ambazo wengi hawakuweza kuzifikia kihalali, wakaanza kufungulia wateja akaunti bila wao kujua. Mambo yalipolipuka mwaka 2016 ikajulikana kwamba wafanyakazi kama 5,300 walikuwa wameshafukuzwa kwa miaka kadhaa. Watu 5,300! Ukishafukuza watu wengi hivyo kwa kosa lilelile na bado unaamini shida ni tabia zao, hapo hutaki tu kujua. Mkuu wa benki, John Stumpf, aliondoka mwaka huohuo, na mwaka 2020 wasimamizi wa mabenki wakampiga faini ya dola milioni 17.5 na kumfungia asifanye kazi ya benki tena. Hakufungua akaunti hata moja kwa mkono wake, ila tageti ndo ziliwasukuma wale waliofungua, na tageti hazikutoka matawini.

Mfano ambao mimi huwa naurudia sana ni wa Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, waliotengeneza roketi za kurushia kile chombo, walisema kisirushwe kwa sababu ya baridi, mipira ya kuziba maungio itashindwa kazi. NASA, shirika la anga la Marekani lenye chombo, hawakufurahia. Mabosi wa kampuni wakaomba wajadiliane pembeni, mkuu wa wahandisi akaambiwa avue kofia ya uhandisi avae ya menejimenti, wakaamua mabosi wanne, wahandisi hata hawakuulizwa kura. Asubuhi yake chombo kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, watu 7 wakafa. Lakini kuna mtu mmoja pale, Allan McDonald, mwakilishi wa kampuni kwenye eneo la kurushia, aligoma kuweka saini ya kuruhusu kirushwe, ikabidi bosi mwingine asaini kutoka jimbo la Utah itumwe kwa faksi. Baadaye McDonald alipotoboa ukweli mbele ya tume iliyochunguza ajali kampuni ikamshusha cheo, mpaka wabunge walipoingilia kati. Kwahiyo usidhani kugoma kusaini ni bure.

Sasa ushauri wangu kwa wewe uliyepewa kiti juzi. Uamuzi wowote unaoweza kumuumiza mtu, andika jina lako pembeni yake kabla haujatekelezwa. Sio jina la idara, jina lako. Mimi nilipoanza kufanya hivi nilishangaa, maamuzi ambayo kikaoni yalionekana mepesi kabisa, kalamu ilikuwa inagoma. Na kabla ya kusaini uliza atakayeumia yuko wapi, maana mara nyingi hayupo chumbani, wala hajui mpo mnamjadili. Ukiletewa namba nzuri kupita kiasi usikimbilie kupongeza, shuka uone zimepatikanaje. Ukiharibu nenda mwenyewe kabla ya mwanasheria kwenda, najua atakukataza na ana sababu zake, lakini yeye kazi yake ni kuilinda kampuni, dhamiri yako hana mkataba nayo.

Kuna watakaosema bodi ndo iliamua, sisi watekelezaji tu. Sawa, bodi ina lawama yake, ila lawama hazigawanywi kama keki kwamba akila mwenzako kwako inapungua.

Yule kijana nilirudi kwake baada ya wiki mbili nikamwambia ni mimi. Sikuongeza "lakini". Alinyamaza kidogo halafu akasema, "Nilikuwa najua, nilitaka uniambie mwenyewe." Hakuniambia amenisamehe na mimi sikumwomba aseme.

Siku hizi fomu yetu ya muhtasari ina safu ya "aliyeamua". Wiki iliyopita meneja mmoja kaniletea kaandika hapo "menejimenti". Nimemrudishia.