Gundi ya skatingi iliyokaukia kwenye vigae

Pole sana dada. Umesema gundi nyeupe ya mbao imekaukia kwenye vigae, na skatingi yenyewe, ule ubao wa chini ya ukuta, imeachia kwenye kona. Usikimbilie thina, itakuharibia vanishi ya skatingi. Loweka kitambaa kwenye maji ya moto kiasi, kilaze juu ya gundi dakika 10 hivi. Utaiona inarudi kuwa nyeupe na kulainika kama ute. Hapo ikwangue kwa kadi ya plastiki, si kisu.

Hiyo kona usiigandamize juu ya gundi ya zamani, haitashika. Piga msasa gundi hiyo itoke, futa vumbi. Kuta zetu za Mikindani, huku pwani, hunyonya unyevu, kwa hiyo ukuta ukauke kabisa. Paka gundi mpya, safu nyembamba, bandika skatingi, egemeza tofali hadi kesho yake. Itakayochuruzika ifute papo hapo.