Kutoa fedha kwenye hisa na kuziweka CD: anza na tarehe

Wiki iliyopita wifi yangu aliyeko Houston alinipigia usiku, alipotoka zamu. Ana dola 40,000 kwenye akaunti ya dalali wa hisa, anataka kununua nyumba mwezi wa tano mwakani, na amechoka kufungua simu kila asubuhi kuangalia soko limeamkaje. "Wifi, nikizihamishia CD inachukua siku ngapi?"

Nikamwuliza, hisa hizo ulizinunua lini? Akanyamaza. Mimi mwaka 2023 hakuna aliyeniuliza swali hilo, na tulilipia.

Kwa aliyefika Marekani juzi: CD ni amana ya muda maalumu, kama zile za benki za nyumbani. Unaweka fedha miezi mitatu, sita, mwaka au zaidi, riba imefungwa tangu siku ya kwanza, ukizitoa kabla hazijaiva unakatwa. Ni riba, kwa hiyo ndugu zangu Waislamu wanaojiepusha nayo njia hii haiwafai, na sitajaribu kuwashawishi.

Mwaka 2022 akiba yetu ya nyumba, mimi na mume wangu, ilikuwa kwenye mfuko unaofuata kampuni 500 kubwa za Marekani, ule unaouzwa sokoni kama hisa. Mwaka ule kipimo cha kampuni hizo kilishuka asilimia 19 hivi. Fedha ya uzeeni inaweza kuvumilia mwaka wa namna hiyo, kwa sababu ina miaka 20 ya kupona. Fedha ya nyumba unayotaka kuilipia mwakani haina muda huo. Wakati huohuo Benki Kuu ya Marekani ilikuwa ikipandisha riba, kutoka karibu sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023, na benki zikaanza kutoa CD za riba ambayo hatukuwahi kuiona tangu tuhamie Ohio. Aprili 2023 nikauza hisa za dola 30,000.

Uamuzi ule sijutii hadi leo. Namna nilivyoutekeleza ndiyo iliyotugharimu.

Ndani ya hisa nilizouza kulikuwa na fungu la dola 9,000 tulilonunua Juni 2022, soko lilipokuwa chini. Lilikuwa limepanda kama dola 1,100, nami nikalifagia pamoja na mengine. Sheria ya kodi hapa ni hii: faida ya hisa uliyokaa nayo mwaka mmoja au pungufu hutozwa kama mshahara. Ukipitisha mwaka, kiwango cha serikali kuu kinakuwa asilimia 0, 15 au 20 kulingana na mapato. Mwaka 2023 wanandoa wanaojaza kodi pamoja, ambao mapato yao baada ya makato hayakuzidi dola 89,250, walikuwa kwenye ile sifuri. Sisi tulikuwa humo. Kwa kuuza wiki saba kabla ya mwaka kutimia tukatozwa asilimia 12, yaani dola 132, bila kuhesabu kodi ya jimbo. Na tulikuwa na mafungu ya zamani ya kutosha kufikisha zile 30,000! Kabla hujabonyeza kuuza, ukurasa wa dalali hukuruhusu kuchagua ni mafungu yapi yaondoke. Mimi sikuufungua. Angalia pia kama kuna fungu lenye hasara, kwa sababu hasara hupunguza faida unayotozwa kodi. Ila usilinunue tena ndani ya siku 30, maana hasara hiyo haitahesabiwa mwaka huo.

Lakini usiifanye kodi kuwa bosi wako. Fungu likibakiza wiki tatu kutimiza mwaka, subiri. Likibakiza miezi minane na nyumba unanunua mwakani, uza. Kodi hutozwa kwenye faida tu, wakati soko likianguka linachukua na mtaji.

Baada ya kuuza, fedha hazitoki palepale. Siku zile mauzo yalikamilika baada ya siku mbili za kazi. Tangu tarehe 28 Mei 2024 ni siku moja ya kazi. Hapo ndipo unapoweza kuzihamisha. Na hapa nina neno kwa sisi wenye majina matatu. Akaunti yangu ya dalali niliifungua kwa jina la ndoa. Benki ya mtandaoni niliyoipenda kwa riba yake ilichukua majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Fedha zikaenda, zikarudishwa. Barua, simu, cheti cha ndoa, nakala ya leseni: wiki mbili zikapita, dola 30,000 zimekaa kwa dalali bila kuzalisha chochote cha maana, nami nikihesabu dola nne kasoro kidogo zinazopotea kila siku. Yule mhudumu wa simu alikuwa mpole, lakini utaratibu haukumruhusu kufanya lolote. Linganisha majina kwenye akaunti zote mbili kabla hujauza hata hisa moja. Kisha tuma kiasi kidogo kwanza, dola 50, uone zinafika.

Kumbe kulikuwa na njia isiyohitaji kuhamisha kitu. Madalali wengi wakubwa huuza CD za benki mbalimbali ndani ya akaunti ileile. Unauza hisa, unanunua CD, fedha hazijatoka nje. Bima ya amana ya FDIC, shirika la serikali kuu linalokinga fedha za wateja benki ikianguka, inakulinda vilevile, dola 250,000 kwa kila mtu katika kila benki kwa aina moja ya umiliki, ila kama una akaunti nyingine katika benki iliyotoa CD hiyo, zote zinahesabiwa pamoja.

CD hizi za dalali zina tabia zake. Kwa kawaida huwezi kuivunja kwa kulipa adhabu. Ukitaka fedha mapema lazima umwuzie mtu mwingine kwa bei ya siku hiyo, na kama riba imepanda tangu ununue, bei yake imeshuka. Riba yake huangukia kwenye salio la taslimu badala ya kuongezewa juu ya mtaji. Na kuna zile ambazo benki imejiwekea haki ya kukurudishia fedha kabla ya muda. Hizo hutangaza riba nono kidogo, lakini riba za soko zikishuka ndipo benki inapozirudisha, yaani wakati ule ambao huwezi kupata nyingine kama hiyo. Soma mstari huo kabla ya kununua. Mimi siwezi kuichukua kwa fedha yenye kazi maalumu.

Fedha za uzeeni, zile za IRA (akaunti binafsi ya akiba ya kustaafu), msizitoe kwenda kuweka CD ya kawaida. Kwa IRA ya kawaida utatozwa kodi ya kiasi chote, na kama hujafikisha miaka 59 na nusu, asilimia 10 juu yake. CD inaweza kununuliwa humohumo ndani ya IRA.

Jambo lililoniuma zaidi lilitokea mwishoni. CD yetu ya benki, miezi 12 kwa asilimia 4.75, iliiva tukiwa Moshi kumzika mama mkwe. Ilitupa dola 1,425. Benki ilitoa siku kumi za kuamua, ikaandika barua pepe, na katika msiba nani anasoma barua pepe za benki? Tuliporudi ilikuwa imejifunga tena miezi 12, kwa asilimia 4, na nyumba tulikuwa tumeshaikubalia. Adhabu ya kuivunja ilikuwa riba ya siku 90, dola 310. Riba iliyokuwa imeingia tangu ijifunge upya haikufika hata 80, kwa hiyo zilizobaki walikata kwenye mtaji. Watu wengi hudhani adhabu inaishia kwenye riba, haiishii hapo. Adhabu hiyo huruhusiwa kupunguzwa kwenye mapato unapojaza kodi, nasi tuliiandika, lakini ni kiasi kidogo kinachorudi. Siku unapofungua CD ya benki, uliza kama unaweza kuwaagiza mapema wasiifunge upya. Wengine wanakubali hapohapo. Ile ya dalali kwa kawaida ikiiva hurudi kuwa taslimu yenyewe.

Wifi alifungua akaunti yake tukiwa bado kwenye simu. Dola 28,000 ni za zaidi ya mwaka, 12,000 zinatimiza mwaka wiki tatu zijazo. Anauza zile za kwanza sasa na kununua CD kwa dalali wake huyohuyo, isiyorudishwa mapema, iive mwezi wa nne, mwezi mmoja kabla ya nyumba. Zile 12,000 zinasubiri wiki zake tatu, kisha zinafuata. Tarehe zote mbili ameziandika kwenye simu yake, na mimi kwenye yangu.