Maswali Yenu ya Magari: Plagi na Nyaya Zake Katika Gari Lililotembea Sana

SWALI: Assalaam aleikum, mwandishi wa safu ya magari. Nina Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A, na dashibodi yake sasa inasoma kilomita 268,000. Mwezi wa Januari fundi alilibadilishia plagi zote nne na gari likatulia kabisa. Tangu masika yaanze, asubuhi linawaka kwa shida na kutetemeka kwa dakika kadhaa, kisha linatulia lenyewe. Nikienda Segera sioni tatizo lolote, lakini nikipandisha kutoka Mombo kwenda Lushoto linamisi na nguvu zinakatika kiasi kwamba ninaogopa kulipita lori. Fundi mmoja anataka tubadilishe plagi tena, na mwingine anasema koili imekufa, ninunue distributa nzima. Nianze na kipi?
Msomaji wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Distributa, yaani kifaa kinachougawa umeme wa koili kwa kila plagi kupitia nyaya zake, usiinunue kwanza. Umetaja mambo mawili, unyevu wa asubuhi na mlima wa Lushoto, ambayo mafundi wako wote wawili wameyapita bila kuyauliza, ilhali yote mawili yanaelekeza kwenye nyaya za plagi.

Koili huchukua umeme wa betri wa volti 12 na kuupandisha hadi volti 20,000 na zaidi, kwa sababu umeme mdogo hauwezi kuruka mwanya ulioko kwenye ncha ya plagi. Kadiri hewa na petroli zinavyobanwa zaidi ndani ya silinda, ndivyo cheche inavyohitaji volti nyingi zaidi ili iruke. Katika barabara ya Segera, ambayo haina milima mikali, unakanyaga mafuta kidogo, hewa inayoingia kwenye silinda ni ndogo, na cheche hata ikiwa dhaifu huruka. Ukianza kupanda kutoka Mombo unakanyaga sana, silinda zinajaa, na umeme unapoiona njia ya kwenye plagi kuwa ngumu hutafuta njia nyingine iliyo rahisi. Ukikuta ufa kwenye mpira wa waya, hutorokea kwenye chuma cha injini, na petroli ya silinda ile hutoka bila kuungua. Huko ndiko kumisi unakokusikia.

Habari ya asubuhi nayo ni hiyo hiyo. Mpira wa nyaya uliokaa kwenye joto la injini kwa miaka mingi hukakamaa na kufanya nyufa ndogo ambazo jicho huzikosa mchana. Hapa Tanga, ambako upepo wa baharini huleta chumvi hadi chini ya boneti, unyevu wa usiku ukichanganyika na chumvi hiyo pamoja na vumbi la barabarani hufanya utando unaopitisha umeme. Injini ikipata moto utando hukauka, na gari linatulia kama ulivyoeleza. Plagi mpya za Januari zilisaidia kwa sababu mwanya wake ulikuwa mdogo kuliko wa plagi zilizolika, hivyo hata nyaya zilizochoka zikaumudu, tena hali ya hewa ilikuwa kavu. Mvua zilipokuja, udhaifu wa nyaya ukajitokeza.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha. Njia ya kwanza haina gharama: usiku, mahali pasipo na taa, washa gari, fungua boneti na unyunyizie nyaya maji kidogo sana kwa chupa ile ya kupulizia nguo wakati wa kupiga pasi, huku mikono, nguo na chupa yenyewe vikiwa mbali na nyaya, feni na mikanda. Kama nyaya zinavuja utaona vimulimuli vya buluu vikiruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma, na utasikia mlio wa tik-tik unaoendana na mwendo wa injini. Njia ya pili ni mita ya umeme. Zima gari, chomoa waya pande zote mbili na upime ukinzani wake kutoka ncha hadi ncha. Kikomo ambacho Toyota huweka kwa nyaya za aina hii ni omu 25,000 kwa kila waya. Waya ukizidi hapo, au mita isipoonyesha chochote, ujue uzi wa kaboni ulioko ndani umekatika, hata kama mpira wa nje unang'aa kama mpya.

Ipo njia ya tatu ambayo ninawaomba mafundi wetu waiache: kuchomoa waya mmoja mmoja injini ikiwa inanguruma ili kusikiliza silinda ipi haifanyi kazi. Umeme uliokosa njia unaweza kuitoboa koili kwa ndani au kumpiga fundi mkononi, na wakati huo petroli isiyoungua inakwenda kwenye masega ya ekzosi, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi, inawakia humo na kuyayeyusha. Gari lililokuwa na tatizo la waya mmoja linaondoka gereji likiwa na matatizo matatu.

Sasa swali lako lenyewe. Kwa gari lenye kilomita hizo, ninakushauri ubadilishe nyaya zote kwa pamoja, kwa kuwa zote zimeishi katika joto lile lile, na plagi uzitoe ili zikaguliwe siku hiyo hiyo. Plagi na nyaya huharibiana. Plagi iliyolika huongeza volti zinazohitajika, na volti hizo hupasua mpira wa waya na kuichosha koili. Waya unaovuja nao huiacha plagi bila cheche ya kutosha, ikajaa masizi, na masizi hupitisha umeme juu ya kauri ya plagi mpaka isifae tena. Ndiyo maana mtu anayebadilisha kimoja na kuacha kingine hurudi gereji baada ya muda mfupi akiamini kwamba ameuziwa kifaa kibovu.

Plagi zako za Januari zitakueleza mengi mkizipanga mezani kwa mpangilio wa silinda zake. Ncha yenye rangi ya kijivu au kahawia hafifu ni ya silinda inayounguza vizuri, na plagi hiyo inaweza kurudishwa. Masizi makavu meusi kwenye plagi moja au mbili tu yanathibitisha kwamba cheche za silinda hizo ni dhaifu, lakini yakiwa kwenye zote nne, tazama kwanza chujio la hewa, kwa kuwa huenda injini inapata petroli nyingi kuliko hewa. Kauri nyeupe yenye malengelenge ni dalili ya joto la kupita kiasi, na hapo usifunge plagi mpya mpaka sababu ijulikane.

Kazi yenyewe ifanyike injini ikiwa imepoa kabisa, kwa sababu silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inapofungwa plagi, ni ya aluminiamu, na nyuzi zake za skrubu huharibika kwa urahisi plagi ikifunguliwa ya moto. Shika waya kwenye kofia yake ya mpira, uizungushe kidogo kulia na kushoto ndipo uivute. Usivute waya wenyewe. Kabla ya kuilegeza plagi, puliza shimo lake kwa upepo, hata ule wa kwa fundi wa pancha unafaa, kwa maana mchanga uliolala mle chini utaangukia ndani ya silinda mara plagi inapotoka. Fanyeni silinda moja hadi iishe ndipo muende nyingine, ili nyaya zisibadilishane. Kama zimekwisha kuchanganywa, mpangilio wa kuwaka wa 5A ni 1-3-4-2, na silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mkanda wa taimingi.

Plagi mpya ianze kuingizwa kwa vidole. Mimi huikazia sana hatua hii, kwa kuwa nyuzi za silinda hedi nyingi zimeharibiwa na spana iliyoshikwa mapema mno. Weka plagi ndani ya soketi ya namba 16 yenye mpira, shika kiunganishio bila mkono wa spana, zungusha polepole, na ikigoma irudishe nyuma uanze upya. Ikishakaa chini, plagi mpya yenye washa (ile pete ya chuma shingoni mwake) hukazwa nusu mzunguko au zaidi kidogo, ili washa ibanwe, ilhali iliyokwisha kutumika huongezwa kidogo tu, kiasi cha sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Usipake grisi kwenye nyuzi za plagi, kwa sababu huifanya ikazwe kupita kiasi bila mkono kutambua. Grisi ya silikoni, kiasi kidogo, huwekwa ndani ya kofia ya mpira ya waya, na kwa miji ya pwani ninaiona kuwa ya lazima, kwani huzuia unyevu na kuufanya mpira usigande kwenye kauri.

Nyaya zirudishwe kwenye vishikizo vyake vya plastiki, zisilale juu ya ekzosi wala kusokotwa pamoja. Mkiwa hapo hapo, fungueni kofia ya distributa na muitazame rota, kile kidole kinachozunguka ndani yake. Ukiona ndani ya kofia mstari mwembamba mweusi unaotoka kwenye nguzo moja hadi nyingine, au nguzo zenye unga mweupe na kijani, kofia hiyo na rota yake zibadilishwe pia. Bado ni gharama ndogo kuliko distributa nzima.

SWALI: Mimi ni mwalimu, nipo Pangani, nina RAV4 ya zamani yenye injini ya 3S. Fundi alipochomoa waya wa plagi, kofia yake ilitoka imelowa oili chapachapa, akaniambia injini imekwisha na inahitaji kufunguliwa yote. Gari halitoi moshi wala halipunguzi oili kwa haraka. Nimwamini?
Msomaji wa Pangani

JIBU: Mwalimu, mwombe kwanza akuonyeshe oili hiyo iko wapi, kwa maana kuna oili ya juu ya plagi na kuna oili ya chini yake, na gharama zake hazikaribiani hata kidogo.

Oili iliyojaa katika shimo, ikailowesha kofia ya waya na kauri ya nje, haikutoka ndani ya silinda. Imepita kwenye gasketi ya kava ya tapeti na mipira inayoziba mashimo ya plagi, ambayo kwa umri hukakamaa na kuacha kubana. Dawa yake ni kubadilisha gasketi na mipira hiyo, kukausha mashimo kabla ya plagi kutolewa, na kuweka nyaya mpya, kwa kuwa oili hulainisha na kuvimbisha mpira wa kofia hadi umeme uvuje. Akibadilisha nyaya bila mipira, nyaya mpya zitaharibika vile vile.

Oili iliyo kwenye ncha ya plagi, yaani ile sehemu inayoingia ndani ya silinda, ndiyo inayotoka kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Hata hapo, injini haihukumiwi kwa macho. Apime kompresheni, yaani nguvu ya mbano, ya silinda zote nne na kuzilinganisha, kisha akupe namba alizozipata. Gari lisilotoa moshi na lisilokula oili, kama lako, nina matumaini makubwa kwamba litaondoka na gasketi tu.

SWALI: Shikamoo. Ninaendesha IST kama teksi hapa mjini. Taa ya cheki injini inawaka na kuzima, na mashine ya kusomea imeonyesha P0301. Nimeambiwa ninunue nyaya za plagi, lakini dukani Ngamiani wananiambia gari hili halina. Tena, je, plagi za iridiamu zinaweza kusafishwa kwa msasa?
Kijana wa Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenye duka wamekuambia kweli. IST haina nyaya hizo, kwa sababu kila plagi ina koili yake iliyokaa juu yake moja kwa moja. P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi, lakini namba hiyo haisemi kama mbovu ni plagi, koili au kitu kingine. Taa inayowaka na kuzima wakati injini inamisi inaonya kwamba masega yanaungua, kwa hiyo usibebe abiria mpaka upate jibu.

Msasa usiuguse. Ncha ya iridiamu ni nyembamba mno, msasa huivunja, na hata burashi ya waya huacha chembe za chuma kwenye kauri zinazopitisha umeme. Plagi halisi za iridiamu hukaa hadi kilomita 100,000, za kawaida kati ya 20,000 na 30,000. Lakini plagi bandia ni nyingi, na bei ndogo ya kustaajabisha kwenye boksi la iridiamu ni sababu tosha ya kulirudisha kwa muuzaji.

Kupata mbovu ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, fungua bolti ya namba 10 ya koili ya silinda ya kwanza na ya tatu, uzibadilishane mahali, plagi uziache zilivyo. Futa kosa kwa mashine, endesha, kisha usome tena. Ikitokea P0303, tatizo limehama na koili, nunua koili moja. Ikibaki P0301, hamisha plagi kwa namna hiyo hiyo. Ikikataa kuhama na plagi pia, mwambie fundi apime kompresheni na nozeli (kipulizia petroli) ya silinda hiyo kabla hujanunua kifaa chochote.